Kabla ya Kuuliza Lita Ngapi

Mtu akitaka kununua hita mpya ya maji, cha kwanza anachouliza ni lita ngapi, cha pili ni kampuni gani. Mimi nikiombwa ushauri huanzia kwingine: ile ya zamani ilikufa kwa ugonjwa gani?

Mara nyingi ni kutu. Tangi limetoboka, maji yanatiririka, basi. Inasikitisha, maana ndani ya matangi mengi ya chuma kimewekwa kitu ambacho kazi yake ni kuliwa ili tangi lisiliwe. Ni fimbo ya magnesi au alumini, nene kama kidole, inayoning'inia majini. Mafundi huiita anodi. Madhali fimbo ipo, kutu hupambana nayo kwanza. Ikiisha, zamu ya tangi imefika. Fungua anodi iliyosahauliwa kwa miaka mingi uone: waya mwembamba wa katikati ndio umebaki, na vibonge vichache vyeupe vimeng'ang'ania huku na kule, ukivigusa vinapukutika. Kuibadilisha ni kazi ndogo kwa fundi bomba. Lakini nani anaijua? Muuzaji haitaji, mwenye nyumba haulizi, na tangi linakufa kabla ya siku zake.

Kwa hiyo ukifika dukani, acha kwanza habari ya rangi na taa za mbele. Mwambie muuzaji akuonyeshe anodi inatokea wapi. Kama inachomolewa kwa juu, hita isisogezwe karibu na dari hadi fimbo ikose pa kupita. Kama inatoka chini pamoja na elementi, kile kipande cha umeme kinachopasha maji, iachwe nafasi chini. Muuzaji akikujibu kwamba hita yake haihitaji ukaguzi wowote, mwulize tangi ni la chuma gani. Matangi mengi ya chuma cha pua hayana fimbo hiyo, hapo atakuwa na hoja. Vinginevyo anataka uondoke haraka. Soma na garantii pia, kwani zipo zinazokataa dai lako kama anodi haikukaguliwa.

Adui mwingine ni chokaa. Kama birika lako la chai lina ukoko mweupe chini, jua hita nayo inajenga ukoko uleule, tena juu ya elementi, ambayo itahangaika kupitisha joto mpaka iungue. Kwenye maji ya namna hiyo mimi hupendelea hita inayofunguka kirahisi na kusafishika, hata kama umbo lake halivutii.

Sasa tuje kwenye lita. Namba iliyoandikwa kwenye tangi inadanganya kidogo, kwa sababu hakuna anayeoga maji ya nyuzi 60. Lita 100 za nyuzi 60, zikichanganywa na maji ya bomba ya nyuzi 20, zinatoa lita 200 za nyuzi 40, ambalo ndilo joto la kuogea. Familia nyingi hununua tangi kubwa kuliko wanavyohitaji, kisha hulipia joto linalopotea usiku kucha. Jambo la kuhesabu ni watu wangapi wanaoga kwa kufuatana asubuhi, si idadi ya watu wa nyumbani.

Hita za papo hapo, zisizo na tangi, zinasifiwa kupita kiasi. Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunakula karibu uniti 4.7 za umeme, uzipashe kwenye tangi au zikiwa zinapita. Unachookoa ni lile joto la kukaa bure tu. Halafu fanya hesabu ya shawa ya kilowati 5.5: ikitakiwa kuongeza nyuzi 25, inatoa lita tatu na kidogo kwa dakika. Ndiyo maana msimu wa baridi watu hufunga bomba nusu na kuoga kwa uzi wa maji, wakilaumu mtengenezaji. Na kilowati 5.5 kwa volti 230 ni ampea 24, kwa hiyo inataka waya wake na breka yake. Kwa mtu mmoja anayeoga haraka inafaa sana. Kwa nyumba yenye bafu mbili, hapana.

Kama paa linapata jua, mimi ni wa sola bila kigugumizi. Si teknolojia changa: Clarence Kemp wa Baltimore, Marekani, alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya hita ya sola mwaka 1891. Tatizo la hita hiyo lilikuwa maji kupoa usiku, hadi mtengenezaji mwingine, William Bailey, alipotenganisha tangi na sehemu inayopokea jua, mwaka 1909, akalifunika tangi lisipoteze joto. Kwa hiyo hata leo, ukilinganisha sola mbili, angalia unene wa kifuniko cha joto cha tangi kabla ya kuhesabu mirija ya kupokea jua. Pampu ya joto, ile hita inayovuta joto kutoka hewani, nayo hutumia umeme kidogo sana, ila inataka nafasi yenye hewa, na ina kelele. Hita ya gesi iwe na bomba la moshi linalotoka nje ya nyumba. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi huo, haina harufu, na hapo sibishani na mtu.

Themostati iweke nyuzi 60, maana bakteria wa Legionella, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, hustawi kwenye maji ya vuguvugu. Lakini joto hilo linaunguza ngozi ndani ya sekunde chache, kwa hiyo penye watoto au wazee weka valvu ya kuchanganya maji.

Na ile valvu ya usalama inayodondosha matone hita ikiwaka, tafadhali usiizibe. Maji yakitoka nyuzi 20 kwenda 60 yanatanuka, lita 100 zinaongezeka kama lita moja na nusu, na lazima zipate pa kwenda. Mwambie fundi alete bomba la valvu hiyo hadi mahali unapoliona, likiwa wazi mwishoni. Likianza kutiririka mfululizo badala ya kudondosha, zima umeme na umwite.