Kila Urafiki Mkubwa Una Mlipaji

Hapa Kisumu mtu akikuita "omera", yaani ndugu kwa Kijaluo, kabla jua halijapanda, shika mfuko. Akiongeza "rafiki yangu", funga kibanda. Akifikia "wewe ni zaidi ya ndugu", hata kukimbia umechelewa: amekwisha kukaa kwenye benchi lako na simu yake ameichomeka kwenye soketi yako, inakula tokeni yako ya umeme.

Mimi ni fundi cherehani pale soko la Kibuye. Kazi yangu ni kupunguza viuno vya suruali za watu waliokondeshwa na uchumi, na kuachilia vya walionenepeshwa na siasa. Sina ugomvi na mtu. Ninaye tu huyu rafiki yangu, ambaye nitamwita Swahiba, kwa sababu nikilitaja jina lake halisi atadai alipwe.

Watu wanadhani shida ya Swahiba ni kukosa kazi. Shida yake ni kusoma. Kuna jamaa sokoni anayemwaga vitabu vya mitumba juu ya gunia, na Swahiba huchuchumaa hapo mpaka miguu ife ganzi, anasoma bila kununua. Kisha anakuja kwangu kunihubiria jinsi marafiki wakubwa wa dunia walivyofaana. Nimezisikiliza hadithi hizo zote, na sijaona hata moja ambayo haikuishia mfukoni mwangu.

"Fundi," akaniambia siku moja, "unamjua Karl Marx? Yuko London, anaandika kitabu cha kugeuza dunia, na nyumbani hakuna kitu. Vitu viko rehani. Nani alimlisha?"

"Nani?"

"Engels! Rafiki!"

Nikauliza huyo Engels alikuwa anafanya kazi gani. Pamba, akasema. Kampuni ya nyuzi kule Manchester, baba yake akiwa na hisa ndani. Nikatazama nyuzi zilizoganda kwenye suruali yangu, nikaelewa nimepangiwa kuwa nani.

Lakini hadithi yenyewe ni tamu, sitadanganya. Engels aliichukia ile kazi ya ofisi, akakaa nayo karibu miaka 20 ili pesa ziende London. Mwenzake akazila, akaandika. Kitabu cha kwanza cha Kapitali kikatoka 1867. Marx akafa 1883, na hapo unadhani Engels alipumzika? Wapi! Akaachiwa marundo ya makaratasi yenye mwandiko ambao hata daktari angeuonea haya, akayachambua mpaka akatoa kitabu cha pili 1885 na cha tatu 1894. Yaani mtu amemlisha rafiki maisha yake yote, na rafiki akifa anamwachia kazi ya nyumbani.

Halafu kuna ile barua. Januari 1863 alifariki Mary Burns, mwanamke aliyeishi na Engels miaka mingi. Engels akamwandikia mwenzake habari ya msiba. Marx akajibu kwa pole fupi, kisha akashuka moja kwa moja kwenye shida zake: karo ya watoto, kodi ya nyumba, madukani hawamkopeshi tena. Swahiba alipofika hapo alicheka. Mimi sikucheka. Nyanya yangu alipofariki, nilipata ujumbe kutoka kwa Swahiba usemao: "Pole sana kwa msiba Fundi, Mungu awatie nguvu, kwani uko na mia tano hapo?" Kati ya Mungu na mia tano hakuweka hata nukta. Aliweka koma.

Engels alikasirika, kama mtu mwingine yeyote mwenye damu. Marx akaomba radhi, Engels akasamehe, na juu ya kusamehe akatuma pauni 100. Hiyo sehemu ya mwisho Swahiba huisimulia kwa sauti inayosikika mpaka kwa wauza mitumba wa upande wa pili.

Tukahamia Uhispania. Kuna mzee mmoja, Don Quixote, hadithi yake ilianza kuchapishwa 1605. Alisoma vitabu mpaka akili ikahama (nilimtazama Swahiba, hakushtuka), akajiona shujaa wa farasi na mkuki, akamchukua jirani yake mkulima, Sancho Panza, awe mtumishi wake safarini. Mshahara? Ahadi. Siku moja nitakupa kisiwa ukitawale. Wakalala kwenye nyumba ya wageni, wakala, wakapaka dawa, na asubuhi mwenye nyumba akataka chake. Don Quixote akasema mashujaa hawalipi malazi, haijaandikwa popote, akapiga farasi akaenda zake. Sancho akabaki. Wageni wakamtia kwenye blanketi, wakashika pembe, wakamrusha hewani, akishuka wanamrusha tena.

Swahiba anaiona hadithi hiyo kuwa ya uaminifu. Mimi naiona kuwa ya Dunga. Tulienda pale ufukweni kula samaki. Yeye ndiye aliyealika, neno "nakualika" alilitamka kwa mdomo wake. Akaagiza ngege mzima wa kukaanga, ugali, mboga, na mwingine wa kufunga apeleke nyumbani. Akaenda kunawa mikono. Nadhani maji aliyoyapenda yalikuwa mtaani Kondele. Blanketi halikuletwa, lakini mama mwenye kibanda alikuwa na mdomo unaoweza kumrusha mtu juu zaidi. Na mimi pia nina ahadi yangu: Swahiba akifungua kituo cha mafuta, mimi meneja. Sancho angalau kisiwa alikipata mwishoni, hata kama watu walimpa kwa mzaha na alikitawala siku chache tu.

Huyo mpelelezi wa Waingereza, Sherlock Holmes, sitamsema sana. Alimfanya daktari Watson aamini amekufa kwenye maporomoko ya maji, akakaa kimya miaka mitatu, kisha akaibuka ofisini kwake ghafla. Watson akazirai. Kwetu hapa mtu akikopa elfu mbili hupotea vivyo hivyo, ila anayezirai akirudi ni wewe, maana anauliza leo kumepikwa nini.

Hata wanyama Swahiba amewaingiza. Ile habari ya Owen na Mzee, nyote mnaikumbuka. Kiboko mdogo aliyeachwa peke yake baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaokolewa pwani karibu na Malindi, akapelekwa Haller Park, Mombasa, akamng'ang'ania kobe aitwaye Mzee. Watalii walilia kwa mapenzi. Mimi nilimhurumia kobe. Mnyama alikadiriwa wakati huo kuwa na miaka 130 hivi, amekaa zake kwa amani, hajaombwa kitu na mtu, mara anafuatwa nyuma na mgeni mzito anayetaka pa kulala. Mwanzoni kobe alimkwepa. Nyie mliona upole. Mimi niliona mtu mwenzangu.

Siku moja Swahiba alijichanganya akataja urafiki wa Jaramogi Oginga Odinga na Jomo Kenyatta, rais wetu wa kwanza. Alikuwapo jaduong' mmoja anayesubiri suruali yake. Mzee yule hakuinua sauti. Akasema Jaramogi alimtaja Kenyatta kuwa kiongozi mwaka 1958, kule Baraza la Kutunga Sheria, wakati jina hilo lilikuwa moto na mwenyewe yuko kifungoni. Akasema alikataa kuunda serikali kabla mwenzake hajaachiliwa. Akawa makamu wa rais 1964, akajiuzulu 1966 akaanzisha chama chake. Na Oktoba 1969 wakarushiana maneno hadharani hapa hapa mjini, siku ya kufungua hospitali ambayo mpaka leo tunaiita Russia kwa sababu Warusi ndio waliosaidia kuijenga. Risasi zikalia, watu wakafa, Jaramogi akawekwa kizuizini. "Hiyo nayo iandike kwenye kitabu chako cha marafiki," akasema, akalipa pesa zake taslimu, akaondoka na suruali. Swahiba hakuniomba kitu siku ile nzima. Ningemwomba yule mzee awe anakuja kila wiki, lakini ana suruali mbili tu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe linaloninyima usingizi. Wiki iliyopita Swahiba alikuja na Damon.

Damon na mwenzake Pythias walikuwa Syracuse, kule Sicily, zama za mtawala dhalimu Dionysius. Pythias akahukumiwa kufa. Akaomba ruhusa aende kupanga mambo ya nyumbani kwanza. Dionysius akacheka: ukienda utarudi? Damon akasema, nishikeni mimi, asiporudi niueni. Siku zikaenda, saa ikawadia, Damon anaandaliwa, na ndipo Pythias akatokea. Dionysius akashangaa, akawaachilia wote wawili, akaomba na yeye awe rafiki wao wa tatu.

Swahiba aliisimulia vizuri mno. Machozi yalikuwa karibu. Na wakati bado nameza mate, akatoa fomu mfukoni, imekunjwa mara nne. Fomu ya sacco. Mkopo wa pikipiki. Mstari wa chini umeandikwa: mdhamini.

Akasema, "Fundi, wewe ndiwe Damon wangu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki."

Methali hiyo naamini ilitungwa na mwenye dhiki. Na huyo Damon mnayemsifu, mbona hakuna anayeona alivyokuwa na nafuu? Yeye alijua siku ya hukumu. Alijua Pythias akirudi mambo yameisha. Mimi nikitia sahihi, akiba yangu inashikwa mpaka Swahiba amalize kulipa, na Swahiba hajawahi kumaliza kitu isipokuwa sahani. Mama watoto nilipomgusia alizima jiko akanitazama. Akasema ukitia sahihi, hiyo pikipiki nitalala juu yake mimi na watoto, wewe utalala na Damon.

Basi nikamkumbuka kima. Hadithi ya kwetu hii, haihitaji gunia la mitumba. Kima na papa walifanya urafiki. Kima juu ya mkuyu anamtupia papa matunda kila siku. (Angalia tena nani alikuwa anatoa.) Papa akamwalika kwao, akampakia mgongoni, na katikati ya bahari akamwambia ukweli: sultani wetu mgonjwa, dawa yake ni moyo wa kima. Kima hakupiga kelele. Akasema, lo, ungeniambia mapema! Sisi kima mioyo yetu tunaiacha mitini. Turudi nikauchukue. Papa akarudi, kima akaruka juu ya mkuyu, na mpaka leo hajashuka.

Kwa hiyo jana Swahiba alipokuja na fomu na kalamu, nilijipapasa mifuko yote, hata ya suruali za wateja, nikasikitika sana. "Omera, kitambulisho nimekiacha nyumbani. Bila namba ya kitambulisho hawatapokea."

"Hakuna neno," akasema. Akapiga mluzi, na boda ikasimama mbele ya kibanda kabla sijaingiza hata uzi kwenye sindano. "Panda Fundi, twende tukichukue. Utamlipa wewe, nitakurudishia."

Yule papa alikuwa muuaji, sikatai, lakini angalau alimbeba kima bure.