Feloshipu ya afya ya kimataifa: mwanafunzi wa udaktari asubiri hadi ahitimu?

Mwanafunzi wa udaktari akiulizia feloshipu ya afya ya kimataifa, yaani nafasi yenye ufadhili ya kujifunza au kutafiti katika nchi nyingine, jibu analopewa na wakubwa wake wengi ni moja: maliza kwanza. Chukua shahada, fanya mafunzo kwa vitendo, upate leseni, halafu uende. Ni ushauri wa watu wazima na una uzito wake. Tatizo ni kwamba unalenga safari ya aina moja, kisha unapewa hata yule anayeomba safari ya aina nyingine kabisa.

Kuna ziara ya wiki mbili hadi nne ya kukaa wodini katika nchi nyingine, na kuna mwaka wa utafiti chini ya walezi wawili, mmoja wa chuo anachotoka mwanafunzi na mmoja wa taasisi inayompokea. Ziara fupi ina nafasi yake. Shirikisho la vyama vya wanafunzi wa udaktari, IFMSA, lililoanzishwa mwaka 1951, huendesha mabadilishano ya takriban wiki nne, kwa kawaida kwa utaratibu wa nipe nikupe: wa kwenu akienda, wa kwao anakuja. Lakini wiki nne ni wiki nne. Ya kwanza huishia kutafuta njia ya maabara, ya mwisho huishia kuaga.

Wanaosema asubiri wana hoja ambazo muombaji asizipuuze. Katika wodi iliyoelemewa, mipaka hulegea bila mtu kutangaza: mgeni aliyekuja kutazama anapewa uzi ashone, kisha siku nyingine anaachiwa mgonjwa. Mwongozo wa maadili ya mafunzo ya afya ya kimataifa wa mwaka 2010 uligawa wajibu kwa anayetuma, anayepokea, anayekwenda na anayefadhili, na kazi inayozidi uwezo wa mwanafunzi ni miongoni mwa mambo uliyoyakemea. Isitoshe, saa ya daktari bingwa anayemwelekeza mgeni imetoka kwa wagonjwa wake na kwa wanafunzi wake mwenyewe. Na mlango wenyewe haujafunguliwa sawa kwa wote: programu ya feloshipu ya Fogarty ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, yenye mafunzo ya takriban miezi 12, imekuwa ikipokea Wamarekani kabla hawajahitimu, ilhali wenzao wa nchi za kipato cha chini wametarajiwa wawe tayari na shahada ya udaktari au uzamivu. Hilo la mwisho ni dosari ya kweli, ila ni hoja ya kuwafungulia na wanafunzi wa huko. Kumwambia yeyote asubiri hakuirekebishi.

Kinachosahaulika ni kwamba mtaji wa mwanafunzi katika utafiti ni muda. Ujuzi anao kidogo, leseni hana, jina hana, lakini muda anao, na katika vituo vingi muda ndio unaokosekana.

Tufanye hesabu kwa mfano wa kliniki moja. Andiko la utafiti la muombaji linaahidi kuandikisha wagonjwa 300 kwa mwaka mmoja. Rejista ya kliniki inaonyesha wagonjwa wapya 40 kwa mwezi wenye ugonjwa unaotafitiwa. Nusu hawakidhi vigezo: umri, ujauzito, makazi ya mbali. Wamebaki 20. Wanne wanakataa au wanaondoka kabla ya kufikiwa. Wamebaki 16. Kamati mbili za maadili zinazotoa kibali cha utafiti, ya chuo na ya mwenyeji, zinakula miezi minne. Kusafisha data na kuchambua kunakula miwili ya mwisho. Miezi sita mara 16 ni 96. Andiko likidai pia kila mgonjwa afuatiliwe miezi mitatu, uandikishaji unakoma mwisho wa mwezi wa saba, na waliopatikana ni 48. Kutoka 300 hadi 48, na hakuna mtu aliyezembea.

Hapo wapinzani husema: mnaona? Mwanafunzi hajui kupanga. Lakini madaktari nao huandika 300, na dawa ya kosa hili imo katika rejista. Mwombe mwenyeji idadi ya kila mwezi kwa miezi 12 iliyopita kabla ya kuandika lengo la utafiti, si baada yake.

Sasa geuza swali. Kliniki hiyohiyo ina mafaili ya miaka mitatu, yaani 1,440. Kila faili linahitaji dakika 15 kusomwa na kuingizwa kwenye fomu, jumla saa 360. Mwanafunzi anayefanya saa sita kwa siku, siku tano kwa wiki, anamaliza kwa wiki 12. Daktari wa kliniki mwenye saa nne tu za utafiti kwa wiki atamaliza kwa wiki 90. Ndiyo maana mafaili hayo yako kabatini hadi leo, ingawa swali lake limekuwa likizungumzwa miaka yote katika chumba cha chai. Tofauti ya wiki 12 na 90 ndiyo hoja yote ya kuomba ukiwa mwanafunzi, na haimgusi mgonjwa hata mmoja kwa sindano.

Kibali cha maadili bado kinahitajika hata kwa mafaili, ingawa kamati inaweza kuondoa sharti la ridhaa ya kila mgonjwa ikiwa majina hayatolewi. Panga mtu wa pili asome upya faili moja katika kila kumi, yaani 144, ili mpime kama mnasoma kitu kilekile. Na tarajia mapengo: uzito usioandikwa, tarehe za matokeo zisizoonekana. Fungua mafaili 30 kwanza, rekebisha fomu, ndipo uanze.

Ombi zuri basi huanzia kwa mwenyeji. Barua inayosema "tutafurahi kumpokea" haina thamani kubwa. Huandikiwa kila anayeomba. Barua yenye nguvu husema swali ni la nani, rejista ipi itafunguliwa, mlezi atakutana na mwanafunzi siku gani, na nani atashika nafasi ya mlezi huyo akisafiri. Ukurasa wa malengo ubebe mawili au matatu, si matano. Bajeti iwe na mstari wa msaidizi wa utafiti wa pale pale na siku za mtakwimu, maana wasomaji wa maombi hutazama kama fedha yote inaishia kwenye tiketi ya ndege.

Uandishi wa makala uzungumzwe kabla ya safari. Kwa vigezo vya kamati ya wahariri wa majarida ya tiba, mwandishi ni aliyechangia kwa kiasi kikubwa, akaandika au kuhakiki rasimu, akaidhinisha toleo la mwisho na akakubali kuwajibika kwa kazi nzima. Muuguzi aliyeunda rejista apewe nafasi ya kuyatimiza yote manne, asiishie kwenye aya ya shukrani.

Mambo ya mwili yana kalenda yake: chanjo ya homa ya ini aina ya B kwa kawaida ni dozi tatu ndani ya miezi sita, na cheti cha homa ya manjano huanza kutumika siku 10 baada ya chanjo. Anayeingia wodini ajue dawa za kinga ya VVU zinapatikana wapi, kwani zianze ndani ya saa 72 tangu kuchomwa na sindano na zimezwe siku 28.

Kusubiri kunabaki ushauri sahihi pale mradi unapohitaji mikono juu ya mgonjwa, au chuo kinapokataa kutunza nafasi yako ya masomo kwa maandishi. Usubiri pia ikiwa mwenyeji, ukimuuliza nani atashika kanzidata siku utakapoondoka, hana jina la kukutajia.