Gari Linalozaa Oili

Magari ya watu yanakula mafuta. Langu lilikuwa linakula mafuta, halafu linashushia na oili. Kila Jumapili nilivuta stiki ya kupimia oili, nikaifuta kwa tambara, nikaichomeka na kuivuta tena, kisha nikamimina oili huku wapangaji wenzangu pale Sinza wakinitazama kwa huruma kama mtu anayemnywesha mgonjwa uji. Asubuhi nikiliwasha, moshi wa bluu uliwafukuza kuku hadi nyumba ya tatu.

Kila aliyeuona ule moshi alikuwa na hukumu mfukoni. "Ringi hizo, kaka. Fungua injini." Yaani zile pete za pistoni zinazozuia oili isipande kwenye silinda. Dar bwana, yeyote aliyewahi kushika spana namba kumi ni bingwa wa kufungua injini za wenzake. Fundi mmoja wa mtaani alikuwa ameshavua shati nilipomwambia ngoja kwanza nijipange.

Nikapelekwa kwa mzee mmoja wa Tabata. Shikamoo, marahaba, mwanangu, fungua boneti. Alichungulia chini kama kuna panapovuja, hakuna. Akaniambia moshi nao una tabia zake. Ukitoka mfululizo kila ukikanyaga mafuta, washuku ringi. Ukitoka mkupuo mmoja gari likiamka, au ukishuka mteremko umeachia pedeli halafu ukakanyaga, hapo sili za valvu, yale mapira madogo yanayozuia oili kwenye valvu, zimekakamaa na oili inachuruzika kwenye silinda.

Mteremko Sinza utautoa wapi? Tukaenda Kimara. Mzee akashuka ameachia pedeli, kule chini akakanyaga. Bodaboda aliyekuwa nyuma yetu akatoweka. Tukabaki tunasikia honi yake tu na maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

"Sili," akasema mzee, ametulia tuli. "Lakini kwanza tujue linakula kiasi gani." Kumbe wapo watengenezaji wanaosema hata lita 1 kwa kilomita 1,000 ni kawaida tu, kwa hiyo malalamiko bila kipimo ni umbea. Akajaza oili mpaka alama ya juu, akaandika kilomita kwenye kipande cha boksi. "Stiki uiangalie, ikishuka chini ya alama nipigie. Ila usiongeze hata tone."

Sikuongeza hata tone. Nikapima baada ya siku chache: oili iko palepale. Nikapima tena: palepale. Kwenye kijiwe cha kahawa nikaanza kutamba kwamba gari limepona lenyewe, na yule fundi wa ringi nikamsema mpaka wazee wakaniombea msamaha kwake.

Kisha stiki ikaonyesha oili imepita alama ya juu.

Wiki hiyohiyo nikakwama kwenye foleni Ubungo, chini ya daraja la Kijazi. Moshi uliotoka pale haukuwa ule wa kufukuza kuku. Ulipanda, ukagota darajani, ukarudi chini kututafuta. Abiria wa daladala wakafunga vioo na joto lote lile. Konda akachomoza kichwa: "Bosi! Manispaa wamekutuma upulizie mbu?"

Nikampigia mzee. "Imepungua kiasi gani?"

"Imepanda, mzee."

Kimya kirefu. "Zima gari. Nakuja."

Alikuja na sura ya msibani. Oili haipandi yenyewe, akasema: ama petroli inashukia humo, ama maji ya rejeta yamepata njia. Akanusa stiki, hakuna harufu ya petroli. Akafungua kifuniko cha kujazia atazame kama imegeuka rangi ya chai ya maziwa, wapi. Akaisugua vidoleni, akaiinua kwenye mwanga, akanitazama kwa jicho la polisi.

"Mwanangu, hii oili ni mpya kuliko niliyoweka mimi."

Kikao kikaitishwa uani. Wa kwanza kufunguka alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu: "Shem, niliona umelisahau gari, nikawa naweka kidogo." Kijana anayeosha gari naye akasema huwa anaweka kila akiosha, kama huduma ya ziada. Tukadhani yameisha. Bibi mwenye nyumba akaweka ufagio chini. "Na mimi nilikuwa natia kikombe kila alfajiri. Mlitaka nife na moshi wenu?" Galoni niliyoiacha barazani ilipokwisha, mke wangu na shemeji walichangishana wakanunua nyingine. Mchango huo ulipitishwa nikiwa kazini.

Mzee alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Oili ikizidi, alieleza akifuta machozi, krenkshafti, ule mhimili unaozunguka chini ya injini, inaichapa mpaka inatoa povu, inapandia kwenye njia ya kupumulia injini na kwenda kuchomwa. Akachomoa valvu ya njia hiyo, akaitikisa sikioni. Nzima hugonga kachakacha. Yangu ilikuwa bubu, imeziba kwa masizi. Hiyo nayo ilikuwa inasukuma oili ikaungue.

Akapunguza ya ziada, lakini kipimo cha kilomita hakikurudiwa. Alisema nyumba hii haiaminiki. Badala yake akapima mgandamizo wa silinda, kavu kwanza, kisha akatia kijiko cha oili kila silinda. Ringi zingekuwa zimechoka, mshale ungepanda sana safari ya pili. Haukupanda. Ringi nzima kabisa.

Zikabaki sili 16, na mzee hakutaka kushusha silinda hedi, yaani kichwa cha injini zinakokaa valvu. Akaomba kamba ya nailoni. Unaiingiza kwenye tundu la plagi, pistoni inapandishwa taratibu, inaibana kamba dhidi ya valvu zisidondoke ndani wakati unabadilisha sili. Shemeji akatumwa kamba, na kwa moyo wake uleule wa kusaidia, akarudi nayo mara moja. Ilikuwa na vibanio bado.

Leo gari likiwaka kuku hawageuki. Kamba ilirudishwa uani ikiwa nyeusi, na mashuka ya Jumamosi yalipata mstari katikati, yote, hata ya wapangaji wasio na gari. Kwenye hesabu ya kodi ya mwezi uliofuata, chini ya maji na taka, bibi aliongeza kwa mkono wake: kamba ya nguo, na sabuni ya nyumba nzima.