Aliyepitia au aliyesomea: nani amhudumie mraibu mtaani?

Kazi ya kumtoa mraibu maskani, yaani kijiweni anakotumia dawa za kulevya, na kumfikisha kwenye tiba, kuanzia Dar es Salaam hadi Unguja na Mombasa, kwa sehemu kubwa hufanywa na watu wasio na cheti cha kuifanya. Ni watu waliokuwa wakila unga, yaani heroini, palepale, wakapotea miezi kadhaa, kisha wakarudi wamenawiri na fulana ya mradi mgongoni. Mradi humwita mtu huyo mwelimishaji rika. Maskani humwita kwa jina lake la zamani, na hilo jina ndilo leseni yake. Ubishi uliopo ni kama aachiwe kutibu, au abaki mpiga debe wa kliniki huku tiba yenyewe ikifanywa na aliyesomea saikolojia, ustawi wa jamii au udaktari.

Mimi naegemea kwa aliyepitia uraibu mwenyewe. Ila hoja za upande wa pili ni nzito kuliko watetezi wake wanavyotaka kukubali, na nyingine ni za kufa na kupona.

Heroini ilianza kuenea katika miji yetu ya pwani miaka ya 1980, ikiwa ile ya kahawia ya kuvuta. Kuelekea mwaka 2000 ikaingia nyeupe, inayoyeyuka kwenye maji, na sindano zikashika kasi. VVU na homa ya ini aina ya C vikafuata nyuma yake. Hospitali za wakati ule hazikuwa na mengi ya kumpa mraibu zaidi ya kitanda kwenye wodi ya magonjwa ya akili: alazwe, arosto (mateso ya mwili unapokosa dawa uliyoizoea) ipite, arudishwe kwao. Na arosto ya heroini hupita kweli. Huanza ndani ya siku moja tangu kete ya mwisho, yaani kipimo cha unga kinachouzwa mtaani, hukaza siku ya pili na ya tatu, na baada ya wiki hivi mwili umetulia. Tatizo ni kwamba mtu huyo anarudi mtaa uleule, kwa marafiki walewale, na ndugu walewale waliokwisha kumfungia mlango.

Pengo hilo lilizibwa na vitu viwili vyenye falsafa tofauti. Cha kwanza ni nyumba za kupatia nafuu, ambako waraibu huishi pamoja bila kugusa dawa, na kila mtu huziita soba hausi. Zanzibar ndiko zilikojijengea jina mapema, na mwongozo wake ni hatua 12 zilizoanzia Marekani miaka ya 1930, katika mikutano ya walevi waliotaka kuacha pombe. Humo aliyepitia ndiye mwalimu, msimamizi na mara nyingi ndiye mwenye nyumba. Cha pili ni methadoni, dawa ya kunywa kila siku inayoshika nafasi ya heroini na kuzuia arosto. Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011, Mwananyamala na Temeke zikafuata, na Kenya ikaanza mwaka 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, kabla ya kuteremka Malindi na Mombasa. Huku mwenye neno la mwisho ni daktari na mfamasia. Aliyepitia hubaki nje ya dirisha la dawa, akileta wapya na kuwatafuta waliokacha.

Kwa hiyo hatubishani juu ya vyeti tu. Kila upande una picha yake ya ugonjwa wenyewe.

Nianze na anachokijua aliyepitia. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini ukiishia hapo unamfanya kana kwamba mtaji wake ni huruma peke yake. Ujuzi wake ni wa kazi hasa. Anajua kwamba asubuhi, kabla ya kete ya kwanza, hakuna mtu maskani anayeweza kukusikiliza, na kwamba punde baada ya kuipata hawezi pia, maana anasinzia. Kuna saa chache katikati ambapo mtu ana akili yake, na ndizo za kuzungumza. Anaitambua arosto ya kweli na ya kuigiza. Anajua kwamba wanawake wanaotumia dawa hawakai vijiweni kama wanaume. Wako vyumbani na madanguroni, wengine na watoto, na mwanamume mwenye fulana ya mradi hatawaona kamwe. Anajua nani akikamatwa na sindano mfukoni hatapelekwa kituoni bali atapokonywa hela njiani. Hakuna chuo kinachofundisha mambo haya, na bila kuyajua unaweza kuwa na kliniki nzuri isiyo na wagonjwa.

Kuna tena suala la kuaminika kwa familia. Mama ambaye televisheni na mitungi ya gesi vimeshauzwa mara tatu haamini tena neno "nimeacha". Akimwona mtu aliyewahi kuwa mwizi wa mtaa huohuo ameketi sebuleni kwake, ametulia, ana kazi, huanza kuhesabu upya. Mtaalamu mwenye shahada hana namna ya kumpa mama huyo kitu hicho.

Watetezi wa upande huu hupenda pia kutaja Zimbabwe, na wana haki. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha Harare mpango wa kuwafundisha wanawake wa kawaida, wengi wao bibi, wakae na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua shida moja baada ya nyingine. Matokeo ya utafiti wake yalichapishwa mwaka 2016. Watu 573 kutoka zahanati 24 walifuatiliwa, na miezi sita baadaye waliokaa benchini walikuwa na dalili chache za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Ni ushahidi mzuri kwamba mtu asiye daktari anaweza kutibu.

Hata hivyo, tazama nani hakuingizwa kwenye utafiti ule: aliyekuja amelewa, mwenye mpango wa kujiua, anayesikia sauti. Kwa maneno mengine, ni walewale ambao mshauri wa uraibu anakutana nao kila siku ya Mungu. Benchi la Harare linathibitisha kitu muhimu, lakini halimthibitishi mwelimishaji rika wa Temeke, na wanaolitumia hivyo wanavuta kamba ndefu kuliko iliyopo.

Hapo ndipo aliyesomea anapopata nguvu. Chukua pombe. Mtu aliyezoea arosto ya unga anaamini kwamba arosto haiui: utatapika, utaharisha, utalia, utapona. Kwa heroini, akiwa kijana mwenye afya na anapewa maji, imani hiyo inakaribia ukweli. Kwa mnywaji wa gongo au chang'aa wa miaka mingi ni imani ya hatari. Akikatiziwa pombe ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, kisha, siku ya pili hadi ya nne, kuchanganyikiwa, kutetemeka, kuona wadudu ukutani, joto kupanda, na kufa. Anahitaji dawa za kutuliza kwa vipimo vinavyopunguzwa taratibu, na vitamini B1 kabla ubongo haujaharibika. Msimamizi wa nyumba akimfungia chumbani "apambane", kwa sababu yeye mwenyewe alipambana hivyo na unga, uzoefu wake ndio unaomponza mgonjwa.

Mfano mwingine ni wa kliniki za methadoni. Mteja aliyekuwa ametulia anaanza kulalamika kwamba dozi haimshiki, anaamka na arosto. Aliyepitia anajua hila hiyo, maana pengine aliwahi kuitumia ili aongezewe. Lakini mteja huyo ameanza dawa za kifua kikuu wiki mbili zilizopita, na rifampisini iliyomo ndani yake hulifanya ini liichome methadoni haraka. Hadanganyi. Asipoongezewa dozi atarudi kwenye kete, na yumkini ataacha na dawa za kifua kikuu. Jambo hili halionekani kwa macho, limeandikwa vitabuni.

Kisha kuna maradhi ya akili yanayokwenda sambamba na uraibu, ambayo naona ndiyo sehemu dhaifu kabisa ya soba hausi. Mwenye sonona asiyeamka asubuhi kufanya usafi wa zamu anaambiwa hana nia. Anayesikia sauti anaambiwa bangi haijamtoka, na pengine ni kweli, ila miezi mitatu baadaye bado anazisikia na hakuna aliyempeleka hospitali. Anayetoka baada ya miezi mingi bila kugusa dawa haambiwi kwa uzito unaostahili kwamba mwili wake umeshasahau unga, na kwamba kiasi alichokimudu zamani leo kinaweza kuzima pumzi yake.

Hata sheria ina mtego wake. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya mwaka 2014, inayotaka anayefanya kazi hiyo awe amesajiliwa. Na mteja akikunong'oneza kwamba wiki iliyopita alijaribu kujiua, Tanzania Bara jaribio hilo bado ni kosa chini ya kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu. Kenya ilikuwa hivyohivyo mpaka Mahakama Kuu ilipokitangaza kifungu chake kuwa kinyume na katiba, Januari 2025. Nani amemfundisha mwelimishaji rika afanye nini na siri ya namna hiyo, amwambie nani na asimwambie nani?

Hoja zote hizi ni sahihi, nazo bado hazinihamishi. Sababu ni kwamba aliyesomea tunayemzungumzia, mara nyingi hayupo. Yupo mmoja, kwenye kliniki ambayo kila asubuhi ina foleni ya watu wanaopaswa kumeza dozi mbele ya muuguzi, na kikao chake cha tiba hugeuka "unaendeleaje, umelala vizuri?" kupitia dirishani. Akiwa afisa ustawi wa jamii ana kesi za ndoa, za watoto na za wazee juu ya hizo. Kumnyang'anya kazi aliyepitia ili apewe mtu ambaye hajaajiriwa ni kumwacha mraibu na hewa.

Ninachodai basi ni kwamba aliyepitia aongoze mtaani, lakini asiachwe peke yake. Awe na msimamizi mwenye taaluma anayejulikana kwa jina, wanayekutana naye kila wiki kupitia kesi moja moja, na awe na dalili chache anazozijua kwa moyo ambazo akiziona hajadili bali anamhamisha mgonjwa: mnywaji wa kila siku anayetaka kuacha leo, anayesikia sauti, anayepanga kufa, mjamzito, aliyeanza dawa mpya. Nyumba yoyote inayopokea walevi iwe na tabibu anayewapima kabla hawajapewa kitanda. Wenye nyumba watasema hilo litapandisha ada, na familia maskini zitashindwa. Watakuwa wanasema kweli, na ndiyo maana gharama hiyo inapaswa kubebwa na halmashauri, si na mama yule ambaye mitungi yake imeshauzwa.

Jambo linalonisumbua zaidi ni mhudumu mwenyewe. Tunamchukua mtu aliyeponea chupuchupu, tunamrudisha kila siku mahali palepale penye harufu ileile, kwa posho ambayo haifiki kila mwezi. Mradi ukiisha, anapoteza kipato na heshima yake mpya kwa pamoja. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kazi za mitaani zilizolipwa na miradi yake ziliingia mashakani kwa siku moja. Aliyekuwa kwenye ajira ya Serikali hakuwa na hofu ya aina hiyo. Tanzania Bara ilizindua mwaka 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na ingekuwa busara kutenga humo nafasi za waliopitia. Kwa sasa mtu aliyeacha shule mapema na ana kumbukumbu polisi ni vigumu kupenya mchujo wowote.

Na mganga hajigangi. Wapo watakaorudi kwenye matumizi wakiwa kazini. Programu inayofundisha kila siku kwamba uraibu ni maradhi ya muda mrefu, na kwamba kuanguka ni sehemu ya maradhi hayo, humfukuza mtumishi wake siku anapoanguka. Naelewa kwa nini: wateja wanamwangalia yeye, na mwenye kete mfukoni hawezi kuachiwa watu dhaifu. Ila atolewe kwa wateja, si kwenye malipo. Apewe mshauri mwingine, aingizwe kwenye tiba ikiwemo methadoni kama inamfaa, na kurudi kwake kuamuliwe na msimamizi. Najua baadhi ya soba hausi zitakataa hapo kwenye methadoni, kwa kuwa kwao anayeinywa bado "hajaacha". Mimi simwoni mtu anayemeza dawa saa moja asubuhi na kuripoti kazini saa mbili kuwa hajaacha, na nyumba zenye msimamo huo zinawafungia nje washauri wao bora.

Wasimamizi huniuliza kuhusu wateja wa mhudumu aliyeanguka: waambiwe nini akiondolewa? Waambiwe ukweli. Wao watakuwa wamejua wiki mbili kabla ya ofisi.