Shangazi Anatembea Kinyumenyume

Kwanza ieleweke kwamba Shangazi ni kuku. Sentensi hiyo ningeitamka mapema, mbele ya watu waliostahili kuisikia, leo nisingekuwa na kisa.

Jina alipewa na binti yangu, kwa sababu tetea huyu tangu akiwa kifaranga haingii mtu uani bila kukaguliwa. Anakutazama viatu, anakuzunguka nyuma, anaguna, anaondoka. Juu ana kishungi kikubwa kama kilemba kilichofungwa kwa haraka. Jina likamkaa. Shangazi yangu wa kweli, dada yake marehemu baba, hakuarifiwa.

Asubuhi moja mke wangu aliniita kwa ile sauti ya chini ambayo huitumia kwa mambo mawili tu, nyoka na madeni. "Mume wangu, njoo utazame. Shangazi anasoma nyota."

Nikamkuta kwenye kona ya banda, shingo imepinda hadi utosi unagusa mgongo, mdomo umeelekea juu kama fundi anayetafuta panapovuja. Akitaka kwenda mbele, anarudi nyuma. Akishtuka, anapiga kichwangomba. Wenzake, ambao jana tu walikuwa wakimpisha kwenye chombo cha chakula, walishaanza kumdonoa kwa zamu. Kuku hawana adabu kwa mkubwa aliyeanguka.

Mtaalamu wa mifugo alianza na habari za chanjo. Shingo kupinda, alisema, si jina la ugonjwa mmoja. Kinaweza kuwa kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, na hicho kikiingia bandani hutabaki na wa kumuuguza. Inaweza kuwa mahepe, ule ugonjwa wa kupooza, au sikio, au sumu, au kichwa kugongwa. Tukamweleza kwamba wote wamechanjwa, wenzake wazima, na yeye hana mafua wala haharishi. Akampapasa utosini taratibu. Kuku wa vishungi vikubwa namna hii, akasema, fuvu lao juu halikufunga sawasawa, kwa hiyo donoo moja la jogoo linaweza kufika kwenye ubongo. Huenda ni hilo, au ni upungufu wa vitamini E, au wa B1. "Mtengeni, mpeni vitamini, mlisheni kwa mkono. Hesabuni wiki, si siku. Na asishtushwe, maana hofu ndiyo inayokaza shingo."

Basi nyumba nzima tukaanza kunong'ona. Milango ikafungwa kwa vidole. Mimi nikipiga chafya natoka nje kwanza. Wageni walidhani tumefiwa.

Kapsuli ya vitamini E, uniti 400, moja kwa siku. Kwa maneno ni rahisi. Unatoboa, unaminya, mafuta yanaingia mdomoni mwa kuku. Siku ya kwanza yaliingia jichoni mwangu. Siku ya pili yalimfika, akatikisa kichwa, nikarudishiwa nusu kwenye ndevu. Sijawahi kuwa na ndevu laini kama wiki ile.

Kwenye maji nusura nimuue. Nilimdondoshea katikati ya mdomo, akakohoa hadi macho yakamtoka. Kumbe tundu la pumzi la kuku liko pale pale nyuma ya ulimi, kwa hiyo maji hutiwa pembeni mwa mdomo, tone baada ya tone, ameze mwenyewe. Mtaalamu alisema pia tumpe seleni kidogo, maana hushirikiana na vitamini E, ila ikizidi ni sumu. Nikaogopa kupima, akaniambia yai la kuchemsha nalo linayo. Kwa hiyo Shangazi akawa analishwa yai. Sikumwambia ni la nani.

Mke wangu akasafiri kikazi, nami nikaahidi kumpelekea taarifa kila jioni. Siku ya nne nilikuwa nimechoka, mkono mmoja umemshika mgonjwa, mwingine umeshika simu, na kidole gumba kina mafuta. Nikaandika:

"Shangazi leo amekunywa bila kukohoa. Shingo bado. Nimemviringisha kwenye taulo nikamweka kwenye kasha, maana nikimwachia anapiga kichwangomba. Amejinyea mara mbili. Ikifika Jumapili hakuna nafuu, tumchinje tu."

Haikwenda kwa mke wangu. Ilikwenda kwenye kundi la ukoo, watu arobaini na wawili.

Kimya. Halafu kaka yangu: "Umemweka kwenye NINI?" Binamu mmoja, mtu wa dini, akaandika dua ndefu. Mwingine akauliza Jumapili saa ngapi, na mpaka leo sijamwuliza alikuwa na maana gani. Mimi nilikuwa naosha taulo. Niliporudi, ujumbe wa mwisho ulikuwa wa Shangazi mwenyewe, yule mwenye simu:

"Mwanangu, mimi sijambo. Aliyewaambia nimejinyea ni nani?"

Nilieleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuzama, kwa sababu sasa ilibidi nifafanue kwa nini kuku mkaguzi, mwenye kuguna, ameitwa Shangazi. Hapo kundi zima likawa na la kusema.

Kesho yake mchana akafika na mkoba. Hakuniamkia wala hakungoja nimwamkie. "Shikamoo, Shangazi," nilisema, na sauti ikajibu kutoka kwenye kasha. Akafunua taulo. Wakatazamana kwa muda mrefu, mmoja ameinamisha kichwa, mwingine kimepinduka.

"Kwa hiyo huyu ndiye mimi."

"Shangazi, ni watoto..."

"Lete chakula."

Akakiweka kile kichwa kwenye kiganja, bila kukilazimisha kunyooka, akakileta kibakuli pale mdomo ulipoelekea. Siku nne nzima mimi nilikuwa naubeba mdomo kuupeleka chakulani. Kuku akala kama anayefuturu. Shangazi akanitazama viatu, akaguna.

Alikaa siku tisa. Shingo ilianza kurudi kidogo kidogo, kwanza asubuhi tu akiwa ametulia, kisha mchana, ingawa jogoo akiwika inarudi nyuma tena. Wiki ya tano akatembea mbele, hatua sita, akajigonga kwenye ndoo. Ya saba tukamrudisha kwa wenzake, akampiga mmoja papo hapo.

Halafu nikakuta yai. Safari hii nikaandika polepole, nikasoma mara tatu kabla ya kutuma kundini: "Kuku wetu, yule anayeitwa Shangazi, yaani ndege, ametaga."

Shangazi akajibu kabla ya wote: "Nashukuru kwa pongezi. Nilichoka."