Naenda Makumbusho, si Stendi

Jamani, shida yangu inaanzia kwenye jina. Dar hii ukimwambia mtu unaenda Makumbusho, anajua unaenda stendi. Jumapili nimepiga shati la pasi, mama watoto akauliza, "Wapi?" Nikasema Makumbusho. Akanipa elfu mbili. "Ukirudi nipitie dagaa."

Dagaa! Nikamweleza: siyo ya daladala, ni Makumbusho ya Taifa, kule Posta, mtaa wa Shaaban Robert, jirani na Bustani ya Mimea. Naenda kuangalia picha.

"Picha za nani?"

Akanyamaza. Mama watoto akinyamaza, anza kutafuta pa kulala.

Konda naye yaleyale. "Mzee umepotea, hii Gongo la Mboto–Posta, Makumbusho haifiki." Gari zima likanihurumia. Dada mmoja akanishauri nishuke Buguruni nibadilishe. Nikaacha kubishana, nikasema naenda Posta kumwona mgonjwa. Hapo kila mtu akaridhika.

Ukiingia mle, watu hukimbilia fuvu la Zinjanthropus, lile lililookotwa Olduvai mwaka 1959. Sina ugomvi na mzee wa watu. Lakini ana umri wa miaka kama milioni 1.75, hana haraka, atanisubiri. Mimi nanyoosha kwenye sanaa.

Sasa mniruhusu nilalamike kidogo kama fundi rangi. Edward Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 hapahapa Dar, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi ya mafuta. Ile ile ya kopo! Ile ninayopaka mageti na baiskeli za watu tangu sijaoa! Tina ile ile, harufu ile ile ya kichwa kuuma. Yeye akachora chui, dunia nzima ikaita mtindo kwa jina lake. Mimi nina mageti mtaa mzima, hakuna hata moja lililozungushiwa kamba.

Nikasogea kwenye picha moja ya waliofuata nyayo zake. Chui, madoadoa kama yamehesabiwa. Nikainama, nikaangalia chini ya mkia. Mchirizi! Mchirizi wa rangi, urefu wa njiti ya kiberiti, umekauka. Mwezi jana mteja alinikata elfu kumi kwa mchirizi mdogo kuliko huo. Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akaja.

"Mzee, usiguse."

"Siigusi baba, naikagua."

Lakini kinachonitoa nyumbani ni kinyago cha Kimakonde cha ujamaa. Gogo moja la mpingo, halijaungwa popote, na watu wamepandana mpaka juu: goti la huyu kwenye bega la yule, mtoto kachomoza kwapani, mtu kashika sikio la jirani asidondoke. Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni, imekosekana konda tu. Nilihesabu watu nikapata kumi na saba. Nikarudia upande wa pili nikapata kumi na tisa. Mara ya tatu nikaanza kuhesabu miguu nigawe kwa mbili, miguu yenyewe ikatoka namba ya witiri.

Na yule wa chini kabisa, aliyebeba wote, anacheka. Miaka yote hiyo, ukoo mzima mgongoni, meno nje. Nilisimama mbele yake mpaka miguu ikaingia ganzi. Anacheka nini huyu? Halipi kodi ya nyumba?

Nimerudi jioni, watoto wanataka kujua nilichoona. Maneno yakagoma. Basi nikapiga magoti kwenye mkeka, nikawaambia pandeni. Mkubwa mgongoni, wa kati juu yake, kitinda mimba kashika masikio yangu, na shemeji, mtu mzima mwenye kilo zake, akaona asibaki nyuma. Kiuno kikalia kama bawaba. Nikajikuta nacheka, meno nje.

Mama watoto akatoka jikoni na mwiko, akatutazama kuanzia juu mpaka akanifikia mimi.

"Dagaa wako wapi?"