Desemba ya Kilimanjaro haienei kwenye likizo ya Ujerumani

Tarehe 24 Desemba, saa nane mchana, maduka ya Ujerumani yanafunga, na kwa kawaida hayafunguliwi tena mpaka tarehe 27. Ukisahau vitunguu, ndiyo umesahau. Jioni mitaa inanyamaza. Kila familia imejifungia na watu wake wa ndani: baba, mama, watoto, labda na bibi mmoja aliyefuatwa kwa gari. Kilimanjaro saa hiyo ni saa kumi jioni, na pale njia panda ya Himo pamejaa mabasi, Noah na magari ya kutoka Dar yanayotafuta kupanda Marangu, Mwika na Rombo. Nyumba zilizofungwa tangu Januari zinafunguliwa madirisha, magodoro yanaanikwa, mbuzi amefungwa kwenye mgomba na anajua fika kinachomngoja.

Wachaga tulioko nje tukikutana tunalalamikia chakula. Naona tunalalamikia kitu kisichostahili. Chakula kinapatikana au kinaigwa. Tunachokikosa ni kikao. Desemba mlimani ni zaidi ya Krismasi, maana mambo yote makubwa ya ukoo yamekuwa yakisubirishwa mwaka mzima mpaka watu wapande: ubatizo wa mtoto wa huyu, kipaimara cha yule, mahari, harusi, shukrani ya nyumba mpya, kusimika msalaba kwenye kaburi la mzee aliyezikwa Machi. Mjerumani ameyatawanya mambo yake mwaka mzima. Mtoto wa Kilutheri hapa hupata kipaimara akiwa na miaka kama 14, majira ya kuchipua, na shangazi akishindwa kuja atatuma kadi yenye noti ndani na hakuna atakayenuna. Kwetu shangazi asipoonekana, linakuwa swali la kujibiwa mbele ya watu.

Cha kuchekesha ni kwamba kipaimara chenyewe tuliletewa na hawahawa. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na hadi leo tarumbeta za sharika za mlimani ni ndugu wa damu wa zile zinazopigwa kwenye makanisa ya Ujerumani wakati wa Majilio. Wao wamebaki na ibada na keki saa tisa. Sisi tumeongeza mbuzi, mahema, spika na watu 200.

Sasa hesabu. Sheria ya Ujerumani inampa mfanyakazi wa siku 5 kwa wiki angalau siku 20 za likizo kwa mwaka. Wengi hupata zaidi, lakini shule zinafunga kama wiki mbili tu kipindi cha Krismasi, na kumtoa mtoto shuleni kabla ya kufunga bila kibali kunaweza kukuletea faini. Matokeo yake familia inatua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) tarehe 23 usiku na kuondoka tarehe 2 au 3. Siku ya kwanza ni usingizi na mabegi. Tarehe 25 ni kanisani na nyumbani. Kinachobaki ni tarehe 26 hadi 31, na siku hizohizo ndizo kila mwenye shughuli kazipanga. Unajikuta na ubatizo Kibosho, harusi Machame na msalaba Rombo ndani ya siku moja, na barabara za juu zina utelezi kwa sababu mvua za vuli bado hazijaisha vizuri. Unafika kila mahali kwa nusu saa, unapiga picha, unaacha bahasha. Unakuwa umepita, hujahudhuria.

Kwa maoni yangu, mtu wa nje achague jambo moja kwa safari moja, na alitangaze mapema. Mwaka huu nakuja kwa ajili ya kipaimara cha mtoto wa kaka, basi. Mengine nikijaliwa. Utaambiwa unaringa, lakini mwenye kipaimara atakukumbuka kwamba ulilala pale, uliamka na wachinjaji, ulibeba viti. Na ikiwezekana njoo bila watoto wa shule mwaka mmoja, ufike tarehe 18 au 19. Wiki ile ya kabla ndiyo tamu. Ndiyo ya kupaka nyumba chokaa, kupalilia kihamba, lile shamba la migomba la ukoo, kuzunguka makaburi, na kumaliza ugomvi wa mipaka kabla wageni hawajafika. Aliyekosana na ndugu yake bado anaweza kupelekewa jani la isale la kuombea msamaha, na jani la isale halipelekwi kwa simu.

Kuna makosa ya karatasi ambayo yanarudiwa kila mwaka. Anayetaka kufunga ndoa nyumbani na ana wiki tatu tu za likizo ajue kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inadai taarifa ya kusudio la ndoa itolewe angalau siku 21 kabla. Ukitua tarehe 20 ukitegemea kuandikisha na kufunga tarehe 28, umechelewa tayari. Matangazo ya kanisani nayo yana Jumapili zake. Mkatoliki anaombwa cheti cha ubatizo kilichotolewa upya, kwa kawaida kisichozidi miezi 6, hata kama cha zamani kiko kwenye fremu ukutani, kwa sababu pembeni ya kile kipya huandikwa kama umewahi kufunga ndoa. Kwa mtoto anayebatizwa au kupata kipaimara kwenye usharika usio wake, ofisi itataka barua ya utambulisho kutoka usharika anakosali. Barua hiyo iombe Agosti. Ofisi za kanisa Ujerumani zinajibu kwa mpangilio mzuri sana na kwa utaratibu wa kobe.

Na uraia. Tangu Juni 2024 Ujerumani inaruhusu mtu awe na uraia zaidi ya mmoja, na wengi wameelewa kwamba sasa wanaweza kubaki Watanzania vilevile. Upande wa Ujerumani, ndiyo. Sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha, na ukishachukua pasi nyekundu ya Ujerumani unahesabika mgeni nyumbani, na viza ya kawaida ya kuingia mara moja ni dola 50. Hilo linauma zaidi pale dirishani KIA kuliko lilivyouma siku ya kula kiapo, na ni vizuri mtu aijue hesabu hiyo kabla hajatia saini.

Tuje kwenye fedha, maana ndipo tunapoharibu. Mchango ukitumwa tarehe 23 umenunua mbuzi wa bei ya tarehe 23. Wiki ya mwisho kila mtu anatafuta mbuzi, na muuzaji anaijua kalenda kuliko wewe. Tuma mwanzoni mwa mwezi, mtu aende mnada wa Weruweru mapema, mbuzi akae kwa jirani mwenye majani na umlipe jirani huyo kitu kidogo. Tena tuma fedha kwa kitu kinachotajika: mbuzi wawili, ulezi wa pombe, mahema. "Tumeni tu" haina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe huishia kwenye kreti za bia. Siwalaumu walioko nyumbani. Sisi ndio tuliowazoesha kwamba asiyekuja analipa, na anayelipa zaidi ndiye anayepangiwa meza ya mbele. Kuna familia siku hizi zinaahirisha ubatizo miaka mitatu zikimsubiri mjomba wa Ulaya. Mtoto anabatizwa akiwa anatembea, anamkimbia mchungaji.

Kwa miaka ambayo huendi, mambo mawili yanafanyika vizuri huku kama utayaheshimu.

La kwanza ni mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, pamoja na mtori. Mbege nyingi ya Ulaya huharibikia kwenye ulezi. Usinunue kile kinachoitwa Hirse kwenye supamaketi. Ile ni aina nyingine ya mtama mdogo, tena imekobolewa, haichipui. Nenda duka la Wahindi, omba ragi nzima, ndivyo wanavyouita ulezi. Ukipewa unga, rudisha, kwa sababu kimea hakitoki kwenye unga. Kwa kilo 1 ya ulezi, loweka siku nzima ukibadilisha maji mara mbili, chuja, tandaza kwenye kitambaa chenye unyevu na funika. Nyumba ikiwa na nyuzi 20 utaona mizizi siku ya pili au ya tatu. Ukiona ukungu wa kijani au harufu ya kuoza, mwaga yote, usichambue. Ukichipua vizuri anika mpaka ukauke kabisa, juu ya hita si vibaya, kisha saga.

Ndizi ziwe zimeiva mpaka ganda limekuwa na madoa meusi. Menya kama kilo 4, chemsha kwenye maji lita 6 kwa moto mdogo mpaka rangi igeuke nyekundu ya kahawia, saa tatu au nne, ukiongeza maji yakipungua. Ipoe, iweke kwenye ndoo safi, funika kwa kitambaa. Usikaze kifuniko, kwa sababu gesi inatafuta njia, na jikoni la kupanga lina dari ya mwenye nyumba. Mlimani siku tano au sita zinatosha. Huku Desemba hesabu wiki moja au zaidi kama nyumba ni ya baridi. Povu likitulia, chuja kwa kitambaa. Hiyo ndiyo nyalu. Pika uji wa kimea, uache upoe mpaka kidole kikae ndani bila kushtuka, ndipo uchanganye. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanamimina uji wa moto, wanaua chachu, kesho yake wanakunywa uji mtamu wa ndizi na kusema maji ya Ulaya ni mabaya. Ikilala usiku mmoja, kesho yake mchana inanyweka. Keshokutwa inaanza kuwa kali, siku ya tatu ni siki. Kwa hiyo rudisha hesabu nyuma kutoka siku ya wageni. Msesewe, gamba la mti linalotiwa kwenye mbege, uache nyumbani. Gamba lile lina dawa ndani yake, na kipimo chake kiko mikononi mwa mpikaji mzoefu. Ukimwongezea mtu mwenye vidonge vya presha hujamkaribisha.

Mpikaji aonje kwanza mbele ya watu, kisha apewe aliye mkubwa kuliko wote, hata kama mkubwa huyo ana miaka 35 kwa sababu wazee wote wako nyumbani. Watoto waone mpangilio huo. Hawatausoma popote.

Mtori ni rahisi zaidi, ila ndizi za kukaanga zile kubwa za Afrika Magharibi hazifai. Ni ngumu na zikipondwa zinakuwa na chengachenga. Matoke ya Uganda yanayouzwa kwenye maduka ya Waafrika yanakaribia mchare, ndizi yetu ya mtori. Chemsha kwanza nyama yenye mifupa, kilo 1 kwa ndizi 12 hivi, mpaka nyama iachie mfupa. Toa mifupa, pikia ndizi kwenye supu hiyohiyo, ponda zikiwa za moto. Ukisubiri zipoe zinashikana na kuwa madonge. Na usijaribu kurudi na nyama ya mbuzi au maziwa kwenye begi, forodha ya Umoja wa Ulaya hairuhusu. Ndizi, ajabu yake, zinaingia bila cheti cha mimea, pamoja na nanasi, nazi, tende na doriani. Kilo chache za mchare kwenye begi la kilo 23 zina maana kuliko vinyago.

La pili tuwaige Wajerumani bila aibu. Familia nyingi hapa zina jalada la ukoo, wanaliita Stammbuch: cheti cha ndoa, vya kuzaliwa kwa watoto, vya ubatizo, vyote mahali pamoja, na cheti cha ndoa au cha kuzaliwa kikipotea ofisi ya msajili hutoa kingine. Kwetu rekodi iko kwenye kichwa cha babu na kwenye kitabu cha parokia ambacho panya wanakijua. Siku ya tarehe 26, watu wakishashiba na kabla hawajalewa, mtu mmoja akae na daftari la kurasa 200 karibu na mzee: jina la kila mtoto, mwaka, alibatizwa wapi, msimamizi alikuwa nani, kaburi la nani liko upande gani wa kihamba. Makaburi yapigwe picha pamoja na kitu kisichohama, kona ya nyumba au jiwe, maana migomba huhama. Saa mbili zinatosha kwa vizazi vitatu. Mzee akikosea mwaka, usimbishie, andika alichosema na uweke alama ya swali.

Halafu simu. Tunapiga vibaya. Tunapiga jioni ya tarehe 25 saa za huku, wakati kule wameshakula, wamechoka, kila mmoja anapokea simu na kumpa mwenzake kama kiazi cha moto. Kule wako mbele kwa saa mbili majira ya baridi. Nyama kwa kawaida hugawanywa mchana baada ya ibada, na mgao ndio wakati ambao majina yanatajwa: hiki cha shangazi, hiki cha mkwe, hiki cha mkubwa. Taratibu za Rombo si za Machame, kwa hiyo uliza za kwenu. Mpigie kijana mmoja mwenye bando la kutosha saa tano asubuhi ya Ujerumani, mwambie aegeshe simu karibu na wagawaji na asiipitishe kwa mtu. Wewe kaa kimya usikilize. Jina lako likitajwa, jibu. Na kijana huyo aichaji simu tangu usiku, kwa sababu umeme wa mlimani nao hupenda kwenda likizo siku ya Krismasi.